Mahali Palipokuwa na Mlingoti

Ukungu ulikuwa umejaa bonde la Ilungumbe hadi mdomoni, kama uji kwenye kata. Juu yake palikuwa na jua safi lisilo na joto, na ndani ya jua hilo ndege ndogo nyeupe ilikuwa ikizunguka taratibu, ikisubiri kuanza kazi.

Ilikuwa ndege ya majaribio. Ilitengenezwa ikiwa na viti sita, lakini vinne viling'olewa ili kupisha mitambo. Katika kiti cha mbele alikaa rubani Hamduni Kombo, Mpemba ambaye baridi ya nyanda za juu ilikuwa haijamzoea wala yeye hajaizoea. Nyuma yake, amebanwa na mitambo pande zote, alikaa Yusta Kyando, injinia wa vipimo. Begani mwake palikuwa na kipande cha kitambaa cheusi kilichobanwa kwa pini. Baba yake alikuwa amezikwa wiki iliyopita, huko huko chini, ndani ya ukungu ule.

"Injinia," Hamduni aliita bila kugeuka, "huku kwenu jua huwa linashuka ardhini siku gani?"

"Likishuka nitakupigia simu."

Hamduni alicheka, akashukuru moyoni. Tangu arudi msibani, Yusta alikuwa hajamjibu utani hata mmoja.

"Haya, tushuke basi tukaone. Ukungu huu si wa Mungu, huu wa mtu."

Kazi ya siku hiyo ilikuwa ya kawaida. Kila masika yalipokwisha, vituo vyote vya Timazi vilipaswa kukaguliwa kutoka hewani. Ndege ilishuka kuelekea uwanja, ikasikiliza kile ambacho Timazi ilisema, ikalinganisha na vipimo vyake yenyewe, ikapaa tena bila kugusa ardhi. Ilifanya hivyo mara tatu, kisha ikaenda kituo kingine.

Kulikuwa na setilaiti nyingi angani, na kila ndege ilizisikiliza ili ijue iko wapi. Lakini setilaiti hukosea. Hewa ya juu kabisa hupinda mawimbi yake, leo kwa mita tatu, kesho kwa mita nane. Kwa mtu anayetafuta duka mjini hilo si kitu. Kwa ndege inayotafuta ardhi ndani ya ukungu, hicho ni kifo. Ndipo ikaja Timazi. Walisimika chombo juu ya mlingoti mfupi, mahali palipopimwa mpaka upana wa kidole. Chombo kilisikiliza setilaiti zile zile, na kila zilipokosea kilitangaza: mimi nipo hapa, nyinyi mmepotoka kwa kiasi hiki. Ndege zote za karibu zilisikia na kujirekebisha.

Baba yake Yusta, Mzee Fidelis, aliyeulinda mlingoti wa Ilungumbe kwa miaka mingi, alikuwa akiwaeleza wageni kwa maneno machache zaidi. "Mlingoti huu una kazi moja tu," alikuwa akisema. "Kutosogea."

Ndege iliingia ukunguni. Madirisha yakawa meupe. Yusta aliinamia kioo cha mitambo. Taa ya Timazi ilikuwa kijani, imetulia. Uwanja wa Ilungumbe ulijengwa juu ya uwanda mdogo wa mlimani, na kabla ya kuufikia, ndege ilipaswa kuvuka ukingo wa jabali ulioinuka ghafla kama kizingiti cha nyumba. Ndege za huko zilivuka ukingo huo kwa kimo cha mita kumi tu, kwa sababu uwanja ulikuwa mfupi na haukuwa na nafasi ya kupoteza. Ndege ya majaribio ilipangiwa mita thelathini.

"Ukingo unakuja," Hamduni alisema. "Mimi sioni hata pua yangu. Sema wewe."

"Timazi inasema tuko mita thelathini juu ya ukingo. Sawasawa na tulivyopanga."

Kisha kipimo cha pili kikasoma. Hiki hakikutegemea setilaiti. Kilituma wimbi la redio chini, likagonga jiwe, likarudi kama mwangwi, na muda wa kurudi kwake ukawa ndio kimo. Kilikuwa kipimo cha zamani, na kisicho na maneno mengi.

Kilisema mita kumi na tisa.

Yusta alifikiri amesoma vibaya. Ndege ilikuwa tayari imeuvuka ukingo, Hamduni anavuta usukani kupaa.

"Vipi? Safi?"

"Subiri," Yusta alisema. "Subiri kidogo, Hamduni."

*

Walitoka juani. Yusta alirudisha kumbukumbu ya vipimo, akaitazama tena pale ndege ilipovuka jiwe. Timazi, thelathini. Mwangwi, kumi na tisa. Taa ilikuwa kijani wakati wote.

Timazi ilikuwa na namna ya kujilinda. Kila kituo kilijilinganisha na jirani yake wa mlima wa pili, na vikitofautiana sana, kelele zilipigwa. Zamani kikomo kilikuwa mita sita. Lakini masika ya huko yalikuwa na radi na mawingu mazito, kelele zikawa zinapigwa hovyo, ndege zikawa zinarudishwa zikiwa na wagonjwa ndani. Baada ya watoto wawili kufia hewani kwa kelele ambayo haikuwa na sababu, kikomo kilipanuliwa hadi mita kumi na tano. Kila mtu alikubali, Yusta pia. Tofauti ya mita kumi na moja ilipita chini ya kikomo hicho kama paka chini ya ua.

"Inaweza kuwa mwangwi umedanganya," Hamduni alisema alipoelezwa. "Umegonga mti, umegonga ng'ombe wa mtu."

"Juu ya ukingo hakuna mti."

"Basi sheria ni mara tatu. Turudi mara ya pili, turudi mara ya tatu, tuandike, twende tukanywe chai."

Ilikuwa kweli. Injinia wa majaribio hakuruhusiwa kukifunga kituo kwa kipimo kimoja. Lakini kabla Yusta hajajibu, doa dogo la njano lilitokea kwenye ramani, kusini, likipanda kutoka ufukwe wa ziwa.

Lilikuwa Korongo.

Tangu barabara ya mlimani iporomoke mara ya tatu na ujenzi wake kuachwa, wagonjwa wote wa mwambao walipelekwa hospitali ya Ilungumbe kwa Korongo: ndege za umeme zisizo na rubani, zenye kitanda kimoja na kiti kimoja cha muuguzi. Hazikuwa na usukani. Hazikuwa na macho yaliyoweza kupenya ukungu. Zilikuwa na Timazi.

Yusta aligusa doa lile, taarifa zikafunguka. Mgonjwa mmoja, mwanamke, amejifungua tangu usiku, damu haikatiki. Daktari wa upasuaji anamsubiri Ilungumbe. Kuvuka ukingo: baada ya dakika nne.

"Hamduni. Hii itavuka kwa mita kumi."

Hamduni hakuwa mtu wa mahesabu, lakini hesabu hiyo aliifanya haraka. Mita kumi, toa mita kumi na moja.

"Hatuwezi kuwahi kupita mara ya pili?"

"Hatuwahi."

Pembeni mwa kioo palikuwa na kitufe kilichofunikwa kwa kifuniko cha plastiki chekundu. Juu yake paliandikwa neno ambalo kitufe hicho kilituma: USITUMIE. Mtu akikibonyeza, katika muda wa kupumua mara mbili ndege zote za eneo hilo ziliambiwa zisiiamini tena Timazi ya Ilungumbe. Korongo iliyoambiwa hivyo iliacha kushuka, ikazunguka juu ya mawingu kwa robo saa, na kama neno halikubadilika, ilirudi ilikotoka. Kurudi ufukweni ilikuwa zaidi ya nusu saa, na ufukweni hapakuwa na daktari.

Kama mwangwi ulikuwa umedanganya, basi kitufe hicho kingemuua mwanamke aliyekuwa anaelekea kupona. Kama mwangwi ulisema kweli, kutokibonyeza kungewaua wawili, yeye na muuguzi wake.

Yusta alitazama taa ya kijani. Aliitazama kama mtu anavyomtazama rafiki aliyeambiwa kuwa ni mwizi.

"Mimi naendesha ndege tu," Hamduni alisema polepole. "Lakini lolote utakalofanya, nitasema nilikuwapo."

Yusta alifunua kifuniko, akabonyeza.

Doa la njano lilisita, likapinda, likaanza kuchora duara. Mara sauti ya mwanamke ikaingia kwenye vipokea sauti vyao, sauti ya mtu aliyezoea kutopandisha sauti.

"Kituo, kituo. Mimi Sista Kezia, niko ndani ya Korongo. Ndege inasema tunasubiri. Tunasubiri nini?"

"Sista, ni injinia hapa. Kuna hitilafu ya vipimo uwanjani. Tunaishughulikia."

"Dada yangu, mimi sijui vipimo. Najua shuka. Nimebadilisha shuka mara tatu tangu tupae."

Yusta alitazama doa la njano likizunguka. "Tunaishughulikia," alirudia.

*

Ndani ya maneno ya baba yake mlikuwa na jibu, nalo lilimjia wakati Hamduni akigeuza ndege kwa mara ya pili. Kazi moja tu: kutosogea. Kama setilaiti zote zilikuwa nzima, na chombo kilikuwa kizima, na taa ilikuwa kijani, basi lililobaki ni hilo moja.

Alipiga simu ya kituo. Iliita mara nyingi. Kisha akasikia kuku, mlango, na sauti ya Baba mdogo Lutengano, mdogo wa marehemu, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mlinzi.

"Kamwene, Baba mdogo."

"Kamwene, mwanangu. Umeamkaje? Umekula?"

"Nimekula. Niko hewani, juu yenu hapo."

"Tumesikia inanguruma. Mama yako mdogo akasema huyo Yusta, nikambishia, nikasema Yusta hawezi kwenda kazini matanga hayajaondolewa. Kumbe ni wewe kweli." Sauti ilikuwa ya upole, lakini lawama ilikuwamo, imekunjwa vizuri.

"Nisamehe, Baba mdogo. Nataka kujua jambo moja. Mlingoti uko wapi?"

"Mlingoti upo! Umesimama wima, hauna hata mkwaruzo. Tumeuangalia kuliko mtoto."

"Uko pale pale?"

"Upo hapa nyumbani."

"Baba mdogo. Pale pale?"

Kuku alilia. Kisha Lutengano akasema, "Pale pale yupo baba yako."

Yusta alifumba macho. Siku ya mazishi ukungu ulikuwa mzito kama wa leo. Alikuwa amekalishwa ndani na kina mama, na alipotolewa kwenda kaburini walimshika mikono huku na huku, akatembezwa kama kipofu. Aliona shimo, udongo mwekundu, jeneza. Hakuna kingine alichokiona. Alijua wamepanda kidogo. Hakujiuliza wamepanda wapi.

"Alitaka mwenyewe," Lutengano aliendelea. "Alisema, pale nimelinda nimesimama, sasa nataka nipalinde nimelala. Sasa mtu utamlaza kaka yako chini ya chuma kinachovuma usiku na mchana? Atapumzika saa ngapi? Tukakizima kwanza, kama tulivyozima mashine ya kusaga na redio zote. Tukakihamisha kwa adabu, tukakishusha huku kwenye pareto, tukakimwagia zege. Nikakipima kwa timazi ya fundi, kimenyooka kuliko zamani. Tulipokiwasha kikawaka kijani. Kingekuwa hakijapenda, si kingewaka chekundu?"

"Kwa nini hamkuniambia?"

Hapo ikaingia sauti ya pili, kali, ya Mama mdogo. "Tukuambie nini, we Yusta? Mfiwa anaambiwa habari za kazi? Ungeacha kumlilia baba yako uanze kupimapima! Tungekuwa watu gani sisi?"

Walikuwa wamefanya sawasawa na walivyofundishwa. Mfiwa hubebewa kila kitu. Hafagii, hapiki, haulizwi. Walimbebea na mlingoti pia.

Shamba la pareto lilikuwa chini ya mteremko. Chombo kilichoshushwa kule kilijidhani bado kiko kileleni. Kiliposikia setilaiti zikisema uko chini, kilijibu: mnakosea, ongezeni mita kumi na moja. Na kila ndege iliongeza. Ikajiona iko juu, kumbe iko chini.

Aliwaeleza hivyo, kwa haraka, kwa maneno ya nyumbani. Alipomaliza, Lutengano alisema kwa sauti iliyopungua, "Zege limeshashika, mwanangu. Kuling'oa ni kazi ya kutwa."

"Mlingoti uacheni. Kile chungu cha juu, kinachosikiliza, kinafunguka?"

"Kwa spana, kinafunguka."

"Waya unafika kule juu?"

"Waya tuliuunga kutoka kule kule. Unafika."

"Basi nahitaji kishikwe pale kilipokuwa. Mtu asimame, akiinue kwa mikono juu ya kichwa, kimo cha mlingoti, atulie."

"Asimame wapi?"

"Pale mlingoti uliposimama, Baba mdogo."

Hamduni aligeuza shingo kumtazama.

"Juu ya kaburi," Lutengano alisema.

"Juu ya kaburi."

"Yusta. Kaburi bichi halikanyagwi. Mbuzi akipita juu yake, mwenye mbuzi anaitwa kikaoni. Sembuse mtu. Sembuse ndugu." Alishusha pumzi. "Unajua wanavyosema kule chini. Eti Lutengano alikuwa anahesabu kikohozi cha kaka yake. Nyumba nimepata, ulinzi nimepata. Mdogo mtu akipanda juu ya kaburi la mkubwa kabla ya matanga, ni kama anacheza ngoma. Nikipanda pale leo, nimewajibu wote kwa mkupuo mmoja."

"Usipande!" Mama mdogo alisema. "Watatuzika tukiwa hai!"

Kwa mujibu wa kazi, Yusta ndiye aliyekuwa mkubwa wa walinzi wote wa vituo. Angeweza kutoa amri. Lakini amri ya namna hiyo haikuwa imeandikwa popote, na kama ingeandikwa, mdomo wake usingeweza kuisoma. Huyu ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli kwenye mteremko ule ule. Na aliyelala pale alikuwa baba yake.

"Injinia," Sista Kezia aliita tena. Safari hii hakuwa akizungumza na Yusta peke yake, alikuwa akizungumza na wawili kwa wakati mmoja. "Dada, usilale. Nitazame mimi. Ndiyo, tunafika. Injinia, ananiuliza kama mwanawe amenyonya. Mtoto tumemwacha kwa bibi yake. Nimwambie nini?"

Yusta alikuwa na swichi mbili mkononi, moja ya simu, moja ya redio. Alijua kwamba akiziunganisha hatakuwa ameamuru wala hatakuwa ameomba. Atakuwa amefanya jambo baya kuliko yote mawili. Aliziunganisha.

Kule chini kwenye pareto, Lutengano akasikia sauti ya mwanamke asiyemjua, ndogo kama ya mtu aliye ndani ya mtungi, ikisema, "Sista, nasikia baridi. Nifunike."

"Huyo ni nani?" aliuliza.

"Ndiye mgonjwa."

"Mtoto wa nani?"

"Sijui, Baba mdogo. Wa watu wa ziwani."

Ilisikika pumzi moja ndefu, kisha hatua.

"Mama," Lutengano alimwambia mkewe, "nipe spana. Na wewe shika hii simu. Ukitaka kulia, lia huku unatembea."

*

Kupanda kulichukua muda mrefu kuliko Yusta alivyoweza kuvumilia. Doa la njano lilichora duara, likachora jingine. Alisikia waya ukikokotwa kwenye majani, Mama mdogo akihema, jiwe likiteleza. Kisha vyote vikanyamaza, na Lutengano akasema, si kwa Yusta, "Kaka, nisamehe. Navua viatu."

Namba kwenye kioo, za tofauti kati ya kituo na jirani yake, zikaanza kutembea. Kumi na moja. Tisa. Sita. Zikaruka, zikarudi, zikatulia karibu na sifuri.

"Hamduni, nipeleke tena."

Waliingia ukunguni. Hamduni hakutania. Ukingo ulipita chini yao bila kuonekana, na vipimo viwili vikasoma kwa pamoja. Timazi, thelathini. Mwangwi, ishirini na tisa na nusu.

"Kipimo kimoja tena," Hamduni alisema. "Kimoja tu, kama kile cha kwanza."

"Kimoja tu."

Hapakuwa na muda wa kingine. Ilikuwa lazima sasa aondoe neno lile, aiambie Korongo iamini tena. Iamini nini? Mikono ya mzee wa miaka sitini na minne, aliyesimama peku kwenye udongo uliolowa. Hakuna kikao cha wahandisi ambacho kingempitisha Lutengano kuwa mlingoti.

Aliondoa neno.

Doa la njano likavunja duara, likainamisha pua kuelekea Ilungumbe.

"Baba mdogo, inakuja. Usitikisike."

"Sitikisiki."

Lakini namba zilisema anatikisika. Sentimita ishirini chini. Arobaini. Chombo kilikuwa kizito kama chungu kilichojaa maji, na baridi ya kule juu hukaza vidole. Yusta alikuwa akiyaona mabega ya baba yake mdogo ndani ya namba. Aliyaona yakichoka. Kama angeweza kunyoosha mkono kupitia kioo kile angemshika viwiko. Hakuweza kitu. Injini ilinguruma, jua liliwaka juu ya mawingu, na kazi yake yote ilikuwa ni kutazama.

Sentimita sabini. Tisini.

"Anashusha," alinong'ona. "Hamduni, anashusha."

"Mwambie apandishe."

"Anajua."

Kwenye simu, Lutengano alikuwa akizungumza na aliyelala chini yake. "Ulisema mlingoti hausogei, kaka. Ulikuwa unanicheka, Lutengano wewe huwezi kukaa mahali pamoja, una miguu ya mbwa. Haya, nitazame. Nitazame nisivyosogea." Sauti ilikatika. "Fidelis, mikono hii."

Ndipo simu ikadondoka. Ilisikika ikigonga udongo, halafu sauti ya Mama mdogo kwa mbali, ikilia kwa hasira: "Sogea! Sogea nipate pa kukanyaga, tukitukanwa tutukanwe wote!"

Namba zikapanda. Sabini. Thelathini. Kumi. Zikatulia hapo, mikono minne ikiwa juu.

Korongo ilivuka ukingo. Kwenye ramani lilikuwa doa tu likivuka mstari. Yusta alitambua kuwa alikuwa ameshikilia kitambaa cheusi cha begani kwa nguvu mpaka pini ikamchoma. Doa likafika kwenye ukanda mwembamba wa uwanja, likapunguza mwendo, likasimama. Likawa kijani.

Hamduni alipiga paji lake la uso kwenye usukani. "Alhamdulillahi. Alhamdulillahi, Injinia."

"Sista Kezia," Yusta aliita. "Sista, mmefika. Mmefika salama?"

Milango ilisikika ikifunguka, miguu ya watu ikikimbia juu ya changarawe, mtu akiita machela. Kisha miguu ikaacha kukimbia.

"Injinia." Sauti ya Sista Kezia ilikuwa ile ile, isiyopanda. "Ahsante. Ndege imeshuka vizuri, hata sikusikia magurudumu. Lakini dada hakufika. Alinijibu mpaka mzunguko wa mwisho kule juu. Nilipomwambia sasa tunashuka, hakunijibu."

Kwenye kioo taa zote zilikuwa kijani. Tofauti kati ya kituo na jirani yake, sentimita kumi. Ilungumbe haikuwa imewahi kupimwa vizuri namna hiyo tangu ijengwe.

Namba hazikuwa zimetikisika. Ndipo alipokumbuka kwamba hakuna aliyewaambia wale wawili kwamba imekwisha. Bado walikuwa wamesimama ndani ya ukungu, juu ya baba yake, wameinua mikono.

"Baba mdogo! Baba mdogo, shusheni. Imetua. Shusheni mikono."

Aliita mara kadhaa kabla simu haijaokotwa. Kulikuwa na pumzi nyingi, na sauti ya kitu kizito kikiwekwa chini kwa uangalifu. Chombo kilicholazwa hakikuzisikia tena setilaiti; namba kwenye kioo zikaanguka, na taa ya Timazi, kwa mara ya kwanza siku hiyo, ikawa nyekundu.

"Imetua?" Lutengano aliuliza.

"Imetua."

"Mzima?"

"Ndege imefika salama, Baba mdogo."

"Nimeuliza mtu, mwanangu. Sikuuliza ndege."

Chini ya bawa ukungu ulianza kuachana, na Yusta akaona kipande cha mteremko, kijani, na doa jekundu la udongo, na juu yake vitu viwili vidogo ambavyo havikuwa vimeteremka. Angeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe ni fupi, lingefika chini kabla hajajuta.

"Hakufika," alisema. "Alikufa kabla."

Hakusikia kilio. Alisikia Mama mdogo akiuliza, "Anasemaje?" na Lutengano akimwambia kwa sauti ya chini kwamba achukue viatu vyake pale kwenye majani, vinalowa.

"Baba mdogo, watu wakiuliza, nitakuja mwenyewe kikaoni. Nitasema ni mimi. Na baba nitakuja nimwambie."

"Wewe fanya kazi yako," Lutengano alisema. "Baba yako nitamwambia mimi. Si niko naye hapa."